Kinamasi cha Sironga: Jinsi mabadiliko ya hali ya hewa yanavyomfikia mkulima wa Gusii

Inapotajwa athari za mabadiliko ya hali ya hewa nchini Kenya, fikira za wengi huelekea Turkana, Wajir na Mandera, kwenye mizoga ya mifugo na visima vilivyokauka. Ni nadra Gusii kutajwa. Nchi hii ya milima ya kijani kibichi, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, huonekana kana kwamba imeepushwa na balaa hilo. Hata hivyo, anayetaka kufahamu jinsi ongezeko la joto duniani linavyomwandama mkulima maskini hana haja ya kwenda jangwani. Anaweza kuanzia Sironga, si mbali na mji wa Nyamira, penye kinamasi ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikimegwa pande zote na mashamba, mikaratusi na matanuri ya matofali.

Katika nyanda za juu, mabadiliko ya hali ya hewa hayaji kwa sura ya ukame wa daima. Huja kwa sura ya maji yasiyotabirika: mengi mno kwa siku chache, kisha haba kwa majuma kadhaa. Kinga bora dhidi ya hali hiyo ni kinamasi, ambacho hupokea maji yakizidi na kuyatoa yakipungua. Lakini kinamasi hicho ndicho mkulima asiye na ardhi ya kutosha anacholazimika kukikausha ili aishi. Makala haya yanaeleza chanzo cha mkwamo huo, na kwa nini hauwezi kutatuliwa na mwanakijiji peke yake.

Ardhi finyu, watu wengi

Gusii ya leo imegawanywa katika kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 nayo Nyamira 605,576. Kaunti ya Nyamira ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 900 pekee, kwa hivyo kila kilomita mraba moja inabeba watu zaidi ya 600. Kisii ina msongamano mkubwa zaidi ya huo. Ni maeneo machache ya mashambani nchini Kenya yaliyo na watu wengi kiasi hicho kwa kipimo cha ardhi.

Msongamano huo una sababu. Udongo wa Gusii una rutuba, na mwinuko wa Nyamira, ulio kati ya mita 1,250 na 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, unaipatia ubaridi wa wastani. Mvua ni kati ya milimita 1,200 na 2,100 kwa mwaka, katika misimu miwili: ile ndefu inayoanza Machi na ile fupi ya mwisho wa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayostawisha majani chai, kahawa, ndizi, mahindi na wimbi, na ndiyo iliyoviwezesha viwanda vya majani chai kama Kebirigo, Sanganyi, Tombe na Nyansiongo kujengwa.

Lakini baba aliyerithi ekari nne huwagawia wanawe wanne ekari moja kila mmoja, na wajukuu hupata vipande visivyotosha hata kulisha ng'ombe mmoja. Kilima kikishajaa, macho hugeukia bondeni, na bondeni ndiko kuliko na kinamasi.

Kazi ya kinamasi

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kuwa kinamasi ni ardhi isiyo na faida, maskani ya mbu, vyura na nyoka. Serikali ya kikoloni na hata serikali za baadaye zilihimiza vinamasi vikaushwe ili vilimwe. Maarifa ya leo yanapinga fikira hiyo.

Kinamasi kinaweza kufananishwa na sifongo. Mvua kubwa inaponyesha kwenye miteremko, maji huteremka kwa kasi hadi bondeni. Humo hukutana na matete, mafunjo na nyasi nzito, yakapunguza kasi, yakatua mchanga na udongo yaliyouzoa, kisha yakazama polepole ardhini. Majuma kadhaa baadaye, jua linapowaka, maji yayo hayo hujitokeza katika chemchemi na vijito. Kwa njia hiyo kinamasi huzuia mafuriko wakati wa masika na huzuia ukosefu wa maji wakati wa kiangazi. Aidha, mimea inayooza chini ya maji bila hewa hugeuka tope jeusi linalohifadhi kaboni kwa muda mrefu. Kinamasi kikikaushwa, tope hilo hupata hewa, huoza, na kaboni hiyo hurudi angani.

Kwa sababu hizo, nchi kadhaa zilitia saini mkataba wa kuhifadhi vinamasi katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka wa 1971. Kenya ilijiunga mwaka wa 1990, nayo ina maeneo 6 yaliyoorodheshwa: maziwa ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita, pamoja na delta ya Mto Tana. Hakuna kinamasi hata kimoja cha Gusii katika orodha hiyo. Vinamasi vidogo kama Sironga havina flamingo wala watalii wa kuvitetea. Vina wanakijiji wanaoteka maji, kukata nyasi na kupanda nduma.

Mvua imeingiwa na nini?

Wataalamu wa Jopo la Kimataifa kuhusu Mabadiliko ya Hali ya Hewa (IPCC), lililoundwa mwaka wa 1988, wamethibitisha kuwa binadamu ameongeza joto la dunia kwa zaidi ya nyuzi 1 tangu karne ya 19, hasa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mwaka wa 2024 ulikuwa wa joto zaidi kuwahi kurekodiwa kufikia wakati huo. Karibu na Gusii, vipimo vya joto vilivyochukuliwa Kericho kwa miongo mingi vilionyesha kuwa joto la nyanda hizo limekuwa likipanda kwa takriban sehemu 2 za kumi za nyuzi kila baada ya miaka 10.

Msomaji atauliza: ongezeko dogo hivyo lina madhara gani? Jibu limo katika tabia ya hewa yenyewe. Kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewa yenye kiu hunyonya maji mengi zaidi kutoka kwenye udongo na majani wakati wa kiangazi, na inapoachilia mzigo wake huuachilia kwa pamoja. Kiangazi huwa kikali zaidi na mvua nayo huwa nzito zaidi, ingawa jumla ya mwaka huenda isibadilike sana. Mkulima anayetazama jumla hiyo ataambiwa mvua ilitosha, ilhali mahindi yake yalinyauka Aprili na maharagwe yakaoza Mei.

Kenya imeyaonja yote mawili kwa kipindi kifupi. Kati ya mwisho wa mwaka wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika maeneo kame. Ng'ombe, mbuzi na ngamia zaidi ya milioni 2 waliangamia, na zaidi ya watu milioni 4 wakahitaji chakula cha msaada. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilieleza mwaka wa 2023 kuwa ukame wa aina hiyo ulifanywa uwezekane mara 100 zaidi na ongezeko la joto. Kabla ya vidonda kupona, mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 zikafurika, na zile za Machi hadi Mei 2024 zikaua karibu watu 300 nchini, wakiwemo wale waliosombwa usiku huko Mai Mahiu.

Mvua hizo huathiriwa pia na El Nino pamoja na joto la Bahari ya Hindi: upande wa magharibi wa bahari unapopata joto kuliko upande wa mashariki, mawingu huelekezwa kwetu. Mambo hayo yalikuwapo tangu zama za mababu. Jipya ni kwamba sasa yanatokea juu ya dunia iliyokwisha kupata joto, hivyo pigo lake huwa zito zaidi.

Katika majirani wa Gusii kuna watu waliojulikana kwa kusoma dalili za mvua, nao ni ukoo wa Nganyi wa Bunyore, Kaunti ya Vihiga. Kwa miaka kadhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa na wataalamu wengine walikaa na wazee wa ukoo huo wakilinganisha utabiri wa kisasa na ule wa maua, wadudu na pepo. Shughuli hiyo ilidhihirisha jambo muhimu: mkulima hukubali utabiri unaotoka kwa mtu anayemwamini, na kwa lugha anayoielewa.

Homa iliyopanda milima

Athari moja iliyoihusu Gusii moja kwa moja ni malaria. Zamani ubaridi wa milima ulikuwa ngao. Vimelea hatari zaidi vya malaria hukua polepole mno ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi, na aghalabu mbu hufa kabla ya kuviambukiza. Ndiyo maana wakazi wa nyanda za juu hawakupata kinga ya mwili kama walivyopata majirani wao wa ufuo wa Ziwa Viktoria. Homa ilipopanda milima, iliwakuta bila silaha. Mikurupuko ilizuka katika miaka ya 1990, hasa baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, na tena mwaka wa 2002 katika Kisii, Gucha, Kericho na Nandi.

Ni haki kusema kuwa wanasayansi walivutana vikali kuhusu chanzo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 ulidai kuwa hali ya hewa ya nyanda hizo haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza mikurupuko hiyo. Mwingine wa mwaka wa 2006, uliotumia takwimu ndefu zaidi, ukaona joto limepanda na kwamba hata ongezeko dogo laweza kuzidisha mbu maradufu. Dawa zilizokwisha nguvu zilichangia pia. Baadaye vyandarua vyenye dawa, unyunyiziaji wa nyumba na dawa mpya viliteremsha maambukizi kwa kiasi kikubwa. Hilo ni thibitisho kuwa jamii ikisaidiwa huweza kujikinga hata joto linapopanda.

Lakini vinamasi navyo vimo katika kisa hiki. Utafiti uliofanywa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka wa 2000, ulilinganisha vijiji vilivyo kando ya vinamasi vya mafunjo na vile vilivyo kando ya vinamasi vilivyolimwa. Palipolimwa palikuwa na joto zaidi, na dalili za maambukizi ya malaria zilikuwa juu zaidi. Magharibi mwa Kenya, utafiti wa mwaka wa 2004 uliona viluwiluwi vya mbu wa malaria katika mashimo yaliyoachwa na wafyatuaji matofali, hata wakati wa kiangazi. Kinamasi tulichoambiwa tukikaushe ili tuwaondoe mbu, kikivurugwa, huwapa mbu makao mapya yenye jua na maji yaliyotuama.

Mikaratusi na matofali

Anayelaumu wakazi wa Sironga kwa kukivuruga kinamasi sharti kwanza aelewe hesabu zao. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni hutoa matofali mazuri, na kila nyumba, duka na shule inayojengwa mjini huhitaji matofali. Kijana asiye na ardhi wala ajira hupata riziki kwa jembe na kibao cha kufyatulia. Matofali hayo huchomwa kwa kuni, nazo kuni hutoka kwenye mikaratusi.

Mkaratusi ulitoka Australia. Hukua haraka na huchipuka tena baada ya kukatwa. Viwanda vya majani chai huununua kwa ajili ya kuni za kukaushia majani, na mbao zake hutumika katika ujenzi na nguzo za umeme. Kwa mwenye shamba dogo, mikaratusi ni akaunti ya benki: karo ikidaiwa, mti unakatwa. Ila mti huo, kwa ukuaji wake wa haraka, hunywa maji mengi, na ukipandwa kinamasini huyafyonza mfululizo hadi mitaro ikakauka. Mwaka wa 2009, Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji na kingo za mito. Amri hiyo ilizua ubishi mkubwa, kwa kuwa haikuja na jibu la swali la mkulima: baada ya kuung'oa, nitamlipia mwanangu karo kwa nini?

Swali hilo bado lina uzito. Rais William Ruto alipotangaza mwaka wa 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, wataalamu wengi walikumbusha kuwa idadi pekee haitoshi. Mti usiofaa mahali pasipofaa waweza kuwa hasara. Mianzi, kwa mfano, hushikilia kingo za mito na huweza kuuzwa, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno waliwahi kuijaribu kusini mwa Nyanza kama badala ya tumbaku. Ufugaji wa samaki katika vidimbwi, uliopigwa jeki na serikali nchini kote kuanzia mwaka wa 2009, ni njia nyingine ya kupata pesa penye maji bila ya kuyaondoa. Nduma nazo huvumilia unyevu. Lakini njia zote hizi huhitaji mtaji, mafunzo na soko.

Jirani wa chini

Kinachofanyika juu ya mlima hakiishii mlimani. Mto Gucha, uitwao Kuja huko chini, huanzia nyanda za juu za Gusii, ukapita Kisii na Migori hadi Ziwa Viktoria. Miteremko ikilimwa hadi ukingoni na vinamasi vikikaushwa, mto huwa mwekundu kwa udongo kila mvua inaponyesha. Wakazi wa Nyatike, karibu na mdomo wa mto, ndio hufurikwa na maji yasiyopata pa kupumzikia njiani. Mashamba ya juu nayo hupoteza rutuba, na mkulima hulazimika kununua mbolea zaidi kwa pesa asizokuwa nazo.

Ziwa lenyewe limetoa onyo. Mwaka wa 2020, na tena 2024, maji yake yalipanda hadi kufikia vina vilivyolinganishwa na mafuriko ya miaka ya 1960, na maelfu ya familia za ufuoni zikahama. Hatusemi kuwa Sironga ndiyo iliyolifurisha ziwa. Lakini ziwa hujazwa na mvua pamoja na mito, na mito hufanywa na mabonde madogo kama hili.

Sheria zipo

Kenya haina upungufu wa sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA) na kukataza kuvuruga vinamasi bila idhini. Kanuni za vinamasi na kingo za mito zilifuata mwaka wa 2009. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Mabadiliko ya Hali ya Hewa ilipitishwa mwaka wa 2016 na kufanyiwa marekebisho mwaka wa 2023. Mwaka wa 2021 ukaanzishwa mpango uitwao FLLoCA, kwa msaada wa Benki ya Dunia na wahisani wengine, wa kupitisha fedha katika kaunti kwa miradi inayopendekezwa na kamati za wadi.

Kasoro ni kwamba sheria humwambia mkulima asichopaswa kufanya, lakini mara chache humwambia atakula nini. Afisa anayekuja na amri ya kung'oa na kuondoka huacha nyuma yake hasira, na miche mipya ya mikaratusi hupandwa usiku.

Nani alipe?

Hapa ndipo bonde la Nyamira linapokutana na kumbi za mikutano ya dunia. Kenya huchangia chini ya asilimia 0.1 ya gesi zinazoongeza joto duniani, na sehemu kubwa ya umeme wake hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Hata hivyo, iliahidi mwaka wa 2020 kupunguza gesi zake kwa asilimia 32 chini ya kiwango kilichotarajiwa kufikia 2030. Ilikadiria kuwa kazi hiyo, pamoja na kujikinga na athari, itagharimu dola bilioni 62, nayo ikajitolea kugharamia asilimia 13. Zilizosalia zilitarajiwa kutoka nje.

Ahadi za nje zina historia ndefu. Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu hali ya hewa mnamo Novemba 2006, ambapo nchi maskini zilidai msaada wa kujikinga. Huko Copenhagen mwaka wa 2009, mataifa tajiri yaliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kufikia 2020, lakini kiwango hicho kilifikiwa mwaka wa 2022, tena sehemu kubwa ikiwa mikopo. Hazina ya kufidia hasara na uharibifu ilikubaliwa Misri mwaka wa 2022 na kuzinduliwa Dubai mwaka uliofuata, ikiwa na ahadi za takriban dola milioni 700 kwa mataifa yote maskini. Huko Baku mwaka wa 2024 ikaahidiwa dola bilioni 300 kwa mwaka kufikia 2035. Ukiiweka hazina ile ya dola milioni 700 kando ya bilioni 62 za Kenya pekee, utaona umbali uliopo kati ya maneno na mahitaji.

Mkulima wa Sironga anaombwa aache kufyatua matofali na kukata mikaratusi yake ili kinamasi kihifadhi maji ya wakazi wa chini na kaboni ya dunia nzima. Hiyo ni huduma, na huduma hulipiwa. Malipo si lazima yawe hundi. Yanaweza kuwa vidimbwi vya samaki, miche ya mianzi yenye mnunuzi, bei nzuri ya majani chai, kuni za viwandani zinazopandwa mlimani badala ya bondeni, na mpaka wa kinamasi uliowekwa kwa makubaliano ya wenyeji wenyewe. Pasipo hayo, kila amri itavunjwa na njaa.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Huko Sironga ufa bado unaweza kuzibwa: mitaro ikifukiwa na mikaratusi ya bondeni ikiondolewa, matete huota yenyewe na maji hurejea. Lakini kinamasi kikishajengwa nyumba na kuchorwa hatimiliki, hakuna mkutano wa Umoja wa Mataifa utakaokirudisha, na kaunti italazimika kulipia kwa mabomba, kuta na chakula cha msaada kazi ambayo bonde lilikuwa likiifanya bure.